Kano Iliyokatika: Jinsi Mguu wa Farasi Unavyoshonwa

Chini ya goti la mbele la farasi hakuna misuli. Kuna mfupa, ngozi na kano zilizokazwa kutoka juu hadi kwatoni, na misuli inayozivuta iko mbali, karibu na kiwiko. Nyuma ya mguu hushuka kano mbili za kukunja. Ya juujuu huishia kwenye mifupa iliyo kati ya kifundo na kwato. Ya ndani hushuka zaidi, ikashika mfupa uliofichwa ndani ya kwato yenyewe. Mbele ya hizo mbili, ikiwa imelala juu ya mfupa wa muundi, iko ligamenti inayobeba kifundo. Hizo tatu ndizo zinazozuia kifundo cha mnyama wa kilo 500 kisigonge ardhi. Katika mbio kali kano ya juujuu hurefuka hadi 16% ya urefu wake, ilhali kano huweza kukatika ikivutwa kati ya 12% na 20%. Joto la kiini chake hufika nyuzi 45 za Selsiasi. Farasi anayekimbia kwa nguvu zake zote huwa tayari mpakani.

Majeraha ya kano ni ya aina mbili, na kuyachanganya kumewagharimu farasi wengi. Aina ya kwanza ni kuchanika kwa ndani: nyuzi hukatika kidogo kidogo kwa uchovu wa mbio, ngozi ikiwa nzima, na kano huvimba hadi mguu ukitazamwa kutoka ubavuni huonekana umepinda kama upinde. Huo ni ugonjwa wa viwanja vya mbio kama Ngong, Nairobi, ambako farasi wamekimbizwa tangu 1954. Aina ya pili ni kukatwa, na hiyo haichagui mahali. Farasi wa kupandwa anayelishwa kwenye kiwanja pembezoni mwa Karavia, Lubumbashi, anaweza kukatwa na seng'enge au ukingo wa bati kabla mtunzaji hajageuza kichwa. Mbung'o, pamoja na ugonjwa wa farasi wa Kiafrika unaosambazwa na visubi, hawaachi farasi wakawa wengi katika eneo hilo la Katanga. Kwa hiyo jeraha kama hilo huenda likamfikia daktari aliyezoea zaidi miguu ya ng'ombe.

Daktari huyo anaweza kujua mengi kabla ya kugusa jeraha, kwa kutazama tu jinsi mnyama anavyosimama. Kifundo kikiwa kimeshuka kidogo, kano ya juujuu imekatika. Ncha ya kwato ikinyanyuka kutoka chini, ya ndani nayo imekwenda. Kifundo kikigusa ardhi, ligamenti haikusalimika. Jeraha likiwa mbele ya mguu na farasi akijikwaa kwa kukunja kwato, iliyokatika ni kano ya kunyoosha, na hapo habari ni njema: hiyo haibebi uzito, na kwa kawaida hupona bila kushonwa, mguu ukifungwa tu vizuri.

Kano za kukunja hazina huruma hiyo. Huduma ya kwanza ni gango linalofungwa mbele ya mguu ili farasi asimame kwa ncha ya kwato, mifupa yote ikiwa imepangwa mstari mmoja. Asipofungwa hivyo, kila hatua kuelekea kliniki huzidi kuzitenganisha ncha za kano na kusaga kile kilichobaki. Hufuata antibayotiki na kinga ya pepopunda, kwa kuwa ni wanyama wachache wanaodhurika na pepopunda kama farasi. Halafu huja swali linaloamua mengi kuliko kano yenyewe: je, ala ya kano, yaani mfuko unaoizunguka, imetobolewa? Daktari huchoma sindano ndani ya ala mbali na jeraha, akasukuma maji safi ya chumvi. Yakitokea jerahani, ala iko wazi, na usaha ukiingia humo farasi anaweza kupotea hata kama mshono ni wa kupendeza.

Upasuaji hufanywa chini ya nusukaputi, na hiyo si hatua ya kuchukuliwa kirahisi. Hesabu kubwa iliyochapishwa mwaka 2002 ilikuta kwamba, ukiacha farasi wa upasuaji wa tumbo, takriban 0.9% hufa kwa sababu zinazohusiana na usingizi huo. Mguu hufungwa mpira juu ya jeraha ili damu isimwagike, nyama iliyokufa huondolewa, na jeraha huoshwa kwa maji mengi. Uzi mnene wa unyuzi mmoja, wa nailoni au ule unaoyeyuka polepole, hupitishwa kwa mshono wa vitanzi vitatu. Kila kitanzi huzunguka kano kwa pembe tofauti na mwenzake, na huingia kwa umbali tofauti kutoka ncha iliyokatika, hivyo mzigo hugawanyika na uzi haukati nyuzi za kano kama waya unavyokata jibini. Ncha zikishindwa kukutana, mwanya huachwa ujazwe na kovu.

Hata hivyo mshono hauwezi kumbeba farasi. Ungekatika siku ile ile anaponyanyuka. Kinachombeba ni plasta ngumu, inayofungwa kuanzia chini ya goti hadi kufunika kwato, kifundo kikiwa kimekunjwa kidogo, kwa wiki 6 hadi 8. Ikitolewa, mpiga viatu humwekea kiatu chenye kisigino kilichoinuliwa na matawi marefu ya nyuma, kisha urefu huo hupunguzwa hatua kwa hatua.

Kwa kano iliyochanika ndani, historia ya kisu ni ya matumaini yaliyopungua. Msweden Asheim alichapisha mwaka 1964 njia ya kuipasua kano kwa urefu ili damu iliyoganda itoke na mishipa mipya iingie. Leo njia hiyo hufanywa mapema tu baada ya kuumia, kwa sindano au kisu chembamba, ultrasaundi ikiongoza. Mmarekani Bramlage mwaka 1986 alipendekeza kukata ligamenti inayoifunga kano ya juujuu kwenye mfupa, ili msuli wake uchukue sehemu ya mzigo. Farasi wengine walirudi mbioni, ila ligamenti ya kifundo ikaanza kuumia badala yake. Kuchoma kwa chuma cha moto, mila ya kale, kulipimwa Uingereza na kuchapishwa 1983: hakukuonyesha faida. Seli shina za uboho, zilizoanza kudungwa kwenye kano mwaka 2003, zina hesabu ya kutia moyo: kati ya farasi 113 waliofuatiliwa, takriban 27% waliumia tena, kinyume na zaidi ya nusu katika rekodi za zamani. Lakini hesabu hiyo ililinganishwa na rekodi za farasi wengine, wala si kwa kuwagawa farasi kwa bahati nasibu.

Kwa aina zote mbili za jeraha, kovu changa limejaa kolajeni dhaifu, nayo hubadilika kuwa imara ikivutwa kwa kiasi. Kwa hiyo matembezi ya kushikwa kwa mkono huanza kwa dakika chache, yakiongezwa kila ultrasaundi inapoonyesha nyuzi zikijipanga. Mwaka mzima hadi miezi 18 hupita kabla ya mbio. Lubumbashi, ambako kiangazi cha Mei hadi Septemba hukausha ardhi ikawa ngumu, matembezi hayo hutafutiwa njia yenye mchanga au majani. Masika yakifika, tope huwa hatari zaidi kwa mguu uliotoka kwenye plasta.