Namna ya Kuipima Kazi ya Kuokoa Data

Aghalabu mtu ambaye diski yake imeharibika pamoja na picha za arusi na hesabu za duka, akirudishiwa mali yake na fundi, huuliza swali moja tu, nalo ni asilimia ngapi imepatikana. Na fundi aliyekwisha kuzoea kuulizwa hivyo hujibu kwa fahari, tisini na tisa nukta kadhaa, wakaagana kwa furaha. Swali hilo ni la haki, walakini ni dhaifu. Wingi wa kilichopatikana hutegemea hali ya diski kuliko ustadi wa mtu, na diski yenye kasoro ndogo huweza kumpa sifa mzembe asiyestahili. Ustadi hudhihirika kwingine: katika utaratibu uliofuatwa, na katika ithibati ya maandishi kwamba fundi anajua, sekta kwa sekta, ni kitu gani hakukipata.

Chombo ninachokizungumzia ni ddrescue ya mradi wa GNU, iliyoandikwa na Antonio Diaz Diaz na kutolewa mara ya kwanza mwaka 2004. Haina madirisha wala vitufe. Huamriwa kwa maneno yanayoandikwa kwenye terminali, na pengine ndiyo sababu wapo wanaoikimbia. Kabla yake wengi walitegemea dd, programu kongwe ya Unix, ambayo hunakili kwa uaminifu diski yenye siha, lakini ikikuta sekta isiyosomeka husimama. Nawe ukiiamuru isisimame, kisha ukasahau kuiamuru ijaze pengo kwa sufuri, yote yaliyo mbele ya pengo husogea nyuma, na nakala nzima kuanzia hapo ikawa haiaminiki. Fundi anayekuambia leo kwamba aliitumia dd kwa diski iliyo mahututi, mshukuru kwa kusema kweli, kisha mtafute mwingine.

Dalili za mwanzo huonekana kabla ya amri yoyote. Diski inayogonga kwa mlio wa kurudiarudia aghalabu ina vichwa vilivyoharibika, na programu haina dawa yake. Fundi anayeizima hapo hapo na kukataa kazi, akakuelekeza kwa wenye chumba kisicho na vumbi, ameonyesha ujuzi mkubwa kuliko anayejaribu bahati. Isiyogonga, huichunguza kwa smartctl aone sekta ngapi zinasubiri hukumu na ngapi zimekwisha kuhamishiwa akiba. Huiunga moja kwa moja kwenye ubao wa kompyuta akiweza, kwani adapta nyingi za USB hukata mawasiliano pindi diski inapokawia kujibu. Hulinganisha namba iliyochapishwa juu ya diski na ile inayotajwa na lsblk, maana amri ikigeuzwa, chanzo kikawa ndicho kinachoandikiwa, utupu wa diski mpya humwagwa juu ya amana ya mwenyewe. Wala hathubutu kuendesha chkdsk au fsck juu ya diski mbovu, kwa kuwa programu hizo hurekebisha kwa kuandika, na mahali pasiposomeka si mahali pa kuandika. Nakala nayo haiwekwi katika mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili lenye kufika gigabaiti 4.

Ndipo tufike kwenye amri zenyewe, ambazo ni mbili, na mpangilio wake ndio unaopambanua ujuzi na kubahatisha:

ddrescue -n /dev/sdb diski.img diski.map

ddrescue -d -r3 /dev/sdb diski.img diski.map

Ya kwanza huamuru kunakili diski mbovu, ambayo hapa ni /dev/sdb, kwenye faili la nakala, diski.img, bila kukwangua. Programu huipitia diski kwa awamu, mara ikienda mbele, mara ikirudi nyuma. Ikikuta taabu huruka, na taabu ikiendelea huruka mbali zaidi, ili ikusanye hima vyote vinavyosomeka kwa wepesi. Halafu hupunguza kingo za sehemu mbovu ijue zinaanzia wapi na kukomea wapi, nayo ikaishia hapo. Jahazi linapovuja, mabaharia wenye tadbiri huopoa kwanza shehena iliyo karibu na mikono, si gunia lililonaswa chini kabisa. Sekta moja mbovu huweza kuishikilia diski kwa sekunde nyingi, na katika sekunde hizo kichwa kilichochoka hukaribia mauti yake ilhali mamilioni ya sekta nzima hayajaguswa. Amri ya pili ndiyo inayorudi kwenye magofu: husoma bila kupitia akiba ya mfumo wa kompyuta, hukwangua sekta moja moja, na zinazokataa huzirudia mara tatu. Wapo wanaoanza na amri hii, tena wakaweka marudio kumi au ishirini, wakidhani wingi wa majaribio ni bidii. Kwa maoni yangu tatu zatosha. Na anayetaka zaidi ni heri aiache diski ipoe, kisha ageuze mwelekeo kwa alama ya -R, kwani sekta iliyokataa kusomwa kutoka mbele mara nyingine hukubali kutoka nyuma.

Neno la mwisho katika kila amri, diski.map, ndilo ninaloliomba kwanza nikitaka kuihukumu kazi ya mtu. Ni faili dogo la maandishi matupu, lisomekalo na yeyote, na asiyekuwa nalo hana ushahidi. Mistari yake ya juu hutaja amri iliyotolewa na saa kazi ilipoanza. Kisha hufuata mistari mifupi yenye sehemu tatu: mahali, ukubwa na alama. Chukua kwa mfano mstari huu:

0x00117000  0x00000200  -

Maana yake ni kwamba, kuanzia baiti ya 1,142,784, baiti 512, yaani sekta moja, zimejaribiwa zikakataa. Alama ya kujumlisha ingesema kipande kimepatikana; mkwaju ungesema hakijakwanguliwa; nyota, kingo zake hazijapunguzwa; na alama ya kuuliza, hakijaguswa kabisa. Ramani iliyojaa alama za kuuliza ni ya kazi iliyoachwa njiani, hata kama asilimia inapendeza. Faida yake nyingine waijua wakazi wa miji ambayo umeme hukatika bila taarifa: amri ile ile ikirudiwa na ramani ile ile, kazi huendelea ilipokomea.

Sasa turudi kwenye ile asilimia. Diski ya terabaiti 1 iliyookolewa kwa asilimia 99.99 ingali imepoteza baiti milioni 100. Zikiwa zimeangukia nafasi tupu hakuna aliyedhurika, na zikiwa zimeangukia orodha ya mafaili, nyumba nzima imepotea. Fundi wa daraja la juu hakuachi ubahatishe. Hutoa nakala ya pili ya ile nakala, akajaza mapengo yake kwa neno lisilopatikana kwingineko, kwa msaada wa ramani:

ddrescue --fill-mode=- neno.txt nakala2.img diski.map

Kisha huifungua kwa kusoma tu, akalitafuta neno hilo ndani ya mafaili yote. Kila faili linalojitokeza limejeruhiwa, na majina yake huandikwa katika orodha anayokukabidhi. Wachache mno hufanya hivi, na anayefanya astahili ujira wake hata asipoongeza baiti moja.

Mwisho, tazama majina ya mafaili unayorudishiwa. Ukikuta folda iitwayo recup_dir.1 na ndani yake picha zenye majina kama f0482816.jpg, jua kwamba ilitumika PhotoRec ya Christophe Grenier, programu njema inayotambua faili kwa umbo la yaliyomo, lakini isiyojali folda wala, kwa kawaida, jina lake. Ni kimbilio pale mfumo wa faili ulipokwisha kufa. Ikiwa haukufa, au ungeweza kurekebishwa juu ya nakala, basi fundi amechagua njia fupi na kukuachia miezi ya kupanga. Mwombe diski.img na diski.map; ukiwa navyo, fundi mwingine aweza kuanza upya bila kuigusa tena diski yako mbovu.