Leza au Mionzi: Uamuzi wa Saratani Changa ya Nyuzi za Sauti

Saratani ya nyuzi za sauti humpa mgonjwa nafasi ambayo saratani nyingi hazitoi, kwa kuwa hujitangaza mapema. Uvimbe mdogo tu hutosha kuikwaruza sauti, na kwa vile nyuzi zenyewe zina mishipa michache ya limfu, ugonjwa hukawia kufika kwenye tezi za shingo. Anayemwahi daktari wa koo baada ya sauti kukwaruza wiki tatu mfululizo huwekewa njia mbili mbele yake, kukatwa kwa leza kupitia mdomoni au kupigwa mionzi. Kwa mgonjwa wa Muscat, mionzi haihitaji tena safari ya ng'ambo. Hospitali ya Kifalme ina Kituo cha Taifa cha Saratani tangu 2004, na mwaka 2021 kikaongezeka kituo cha Sultan Qaboos cha tiba na utafiti wa saratani.

Wengi huuliza kwanza ni ipi inayoponya zaidi, lakini hapo hapapatikani uamuzi. Ugonjwa ukiwa haujatoka kwenye nyuzi, njia zote mbili huudhibiti kwa takriban wagonjwa tisa katika kumi, mradi kazi ifanywe sawasawa. Kwenye mionzi, usawa huo unategemea hata kipimo cha kila siku: utafiti wa Osaka uliochapishwa 2006 ulionyesha kwamba grei 2.25 kwa siku zilidhibiti ugonjwa kwa asilimia 92 ya wagonjwa kwa miaka mitano, na grei 2 kwa asilimia 77. Swali lenye uzito ni hili: ugonjwa ukirudi, mgonjwa atakuwa amebakiwa na nini? Zoloto, yaani kisanduku cha sauti, lililokwisha kupokea mionzi kamili kwa kawaida halipigwi tena, na hapo huenda likaondolewa lote. Aliyeanza na leza anaweza kukatwa tena, na mionzi bado ni akiba yake. Kwa sababu hiyo naona uvimbe mdogo wa juu juu, katikati ya uzi mmoja, uanzie kwa leza.

Pingamizi kubwa ni sauti, na lina ushahidi. Jaribio la Finland la 2014, lililowagawa wanaume 60 kwa bahati nasibu, lilikuta ubora wa sauti kwa jumla unalingana, ila waliokatwa walitoa pumzi zaidi wakisema, na waliopigwa mionzi walipata usumbufu mdogo kuliko wenzao baada ya miaka miwili. Nalikubali pale ambapo leza italazimika kuingia kwenye msuli, kwani nyuzi haziwezi tena kufungana vyema. Mwalimu au imamu mwenye uvimbe wa namna hiyo ana haki ya kuchagua mionzi. Vivyo hivyo uvimbe ulioshika pembe ya mbele zinapokutana nyuzi, au koo ambalo daktari hawezi kulifikia vizuri kwa vyombo vyake.

Muda nao uhesabiwe. Vipindi 28 vya mionzi, Jumapili hadi Alhamisi, ni karibu wiki sita. Kwa mtu wa Salalah anayetibiwa Muscat, takriban kilomita 1,000 kutoka kwao, hayo ni makazi na kazi iliyoachwa. Lakini usumbufu huo usimsukume kwenye leza isiyoufaa uvimbe wake. Mpasuaji na daktari wa mionzi wamwone wote wawili kabla hajatia saini, kila mmoja aeleze atafanya nini ugonjwa ukirudi.