Hadhi ya Mlinzi

Katika mabaraza ya wapenda kandanda kuna mzozo mkongwe ambao kila kizazi huurithi na kuukuza, nao ni huu: lipi lililo bora, kushinda kwa mchezo usiopendeza macho, au kucheza kwa madaha na kuondoka uwanjani mikono mitupu? Watu wa upande mmoja husema kuwa kikombe hakiulizwi kilipatikanaje, na wa upande wa pili hujibu kuwa mchezo usiomfurahisha mtazamaji ni sulubu iliyovishwa jezi. Kila upande una hoja yake, lakini zote mbili, kwa maoni yangu, zimekosea mahali pamoja. Maana zote huchukulia, bila ya hata kuulizana, kuwa uzuri wa mchezo umo katika kushambulia peke yake, na kwamba ulinzi, hata ukiwa na manufaa, ni jambo la dharura lisilo na jamala. Nakusudia hapa kuutetea ulinzi, si kwa faida yake tu, bali kwa kuwa ni sanaa kamili yenye elimu yake, adabu yake na uzuri wake, na aghalabu anayeuona kuwa mbaya ni yule ambaye hajajifunza kuutazama.

Shahidi wangu mkuu ni mechi iliyochezwa tarehe 5 Julai 1982, katika uwanja wa Sarrià mjini Barcelona, baina ya Brazil na Italia, katika fainali za Kombe la Dunia. Brazil ya mwaka ule, chini ya mwalimu wake Telê Santana, ilikuwa na Zico, Sócrates, Falcão na Cerezo katikati ya uwanja, mafundi wanne ambao ni nadra kupatikana katika timu moja na katika wakati mmoja. Italia ya Enzo Bearzot ilikuwa imevuka hatua ya kwanza kwa sare tatu, na Poland, na Peru, na Kameruni, na ikalaumiwa na magazeti ya kwao lawama za kuumiza, hata wachezaji wakakata shauri la kutosema na waandishi. Sare ilitosha kuivusha Brazil. Italia haikuwa na njia ila ushindi. Paolo Rossi akafunga mapema, Sócrates akarudisha. Rossi akafunga tena, Falcão akarudisha tena. Na mabao yakawa 2 kwa 2, zikiwa zimesalia dakika 22.

Mtu mwenye elimu ya ulinzi, akifika hapo, hujua la kufanya. Brazil hawakujua, au walijua wakalidharau, wakaendelea kushambulia kana kwamba sare haikuwa mali yao. Na katika dakika ya 74 kona ya Italia ikaondolewa vibaya, Tardelli akaupiga mpira, na Rossi aliyesimama mbele ya lango akaugeuza njia ukaingia wavuni. Hata bao la pili la Rossi lilikuwa limezaliwa na uzembe wa namna hiyo hiyo, kwani Cerezo alipiga pasi ya kukata mbele ya mabeki wake mwenyewe pasi na kuangalia ni nani aliyekuwa njiani. Wapenzi wa Brazil hulia mpaka leo kuwa siku ile uzuri ulishindwa na ubaya. Insafu yataka tuseme vingine: sanaa iliyokuwa nusu, ijapokuwa nusu yenyewe ilikuwa johari, ilishindwa na sanaa iliyokuwa nzima, maana Italia nao walifunga mabao 3, na juu ya hayo walijua kulinda walichokipata.

Na tulitazame kwa karibu tendo moja la mechi ile. Katika dakika za mwisho mpira uliletwa juu mbele ya lango la Italia, na Oscar, beki wa Brazil aliyekuwa amepanda kusaidia, akaruka akaupiga kichwa kuelekea chini. Dino Zoff, kipa na nahodha, mtu wa miaka 40, alijitupa akaudaka kwenye mstari wenyewe wa lango, akaukandamiza pale pale ardhini, asiuachie kwenda mbele wala asiuvute nyuma. Kipa mwenye pupa angaliutema miguuni mwa washambuliaji waliokuwa wakiungojea. Mwenye hofu angaliukumbatia, na yamkini kwa kuukumbatia angaliuvusha mstari. Zoff aliushika akatulia nao, ilhali Wabrazil wakinyoosha mikono kudai bao ambalo halikuwapo. Hapakuwa na madaha katika tendo lile, lakini palikuwa na mazoezi ya umri mzima, na utulivu wa moyo, na hukumu iliyokatwa kwa muda wa kufumba na kufumbua. Na mambo matatu hayo yakikutana katika mikono ya mtu mmoja, hapo pana ufundi unaostahili taadhima sawa na chenga yoyote ya Zico.

Mbele ya Zoff alisimama Gaetano Scirea, ambaye kwangu ni mfano mwema wa mlinzi. Kazi yake ilikuwa kukaa nyuma ya mabeki wenzake, asiwe na mtu maalumu wa kumkaba, bali aisome hatari kabla haijafika na kuiziba mahali ilipokusudia kupita. Kazi hiyo haina kelele. Mlinzi wa tabaka yake haangalii mpira tu, bali huangalia mabega ya anayetaka kuupiga, na mbio za yule anayetaka kuupokea, na nafasi iliyoachwa wazi baina yao. Kisha hutangulia hatua mbili au tatu tu, na pasi iliyokuwa ikionekana kuwa ya hatari humkuta amekwisha kufika, amesimama wima, kichwa juu, na mara huugeuza mpira ule kuwa mwanzo wa shambulio la upande wake. Kujitupa chini kwa miguu miwili ni shauri la mwisho la mtu aliyechelewa, na Scirea alichelewa kwa nadra. Ndiyo maana katika maisha yake yote ya mpira hakupata kutolewa uwanjani kwa kadi nyekundu. Siku sita baadaye, katika fainali iliyochezwa Madrid dhidi ya Ujerumani Magharibi, Italia ikiongoza kwa bao 1, mlinzi huyu alionekana ndani ya eneo la hatari la Wajerumani akipasiana na beki mwenziwe Bergomi, kijana wa miaka 18, mpaka nafasi ikapatikana na mpira ukapelekwa kwa Tardelli, aliyefunga bao la pili katika ushindi wa 3 kwa 1. Adhaniaye kuwa mlinzi ni adui wa uzuri na alitazame bao hilo lilivyopikwa na mabeki wawili.

Ila mtetezi wa ulinzi hana ruhusa ya kuficha aibu yake. Katika ukuta ule ule alikuwamo Claudio Gentile, aliyepewa kazi ya kumkaba Maradona katika mechi na Argentina, kisha Zico katika mechi na Brazil, na aliifanya kazi hiyo kwa kuvuta, kusukuma na kupiga miguu, hata jezi ya Zico ikachanika mkononi mwake. Huo ndio ushindi mbaya, na ubaya wake hautokani na kulinda, bali na kumnyima mwingine haki yake ya kucheza. Kadhalika ni ubaya kujilaza chini kwa maumivu ya uongo ili saa ipite, na kumhadaa mwamuzi ili apulize filimbi isiyostahili; na mambo hayo washambuliaji huyatenda kama watendavyo walinzi. Basi mpaka uliopo baina ya uzuri na ubaya haupiti katikati ya uwanja, ukawaweka washambuliaji upande mmoja na mabeki upande wa pili. Hupita baina ya ustadi na hila, na Scirea na Gentile, waliovaa jezi ya rangi moja, walisimama kila mmoja upande wake.

Yako pia mataifa ambayo ulinzi ndio mali yao pekee. Mwaka 2004 Ugiriki ilikwenda Ureno katika mashindano ya mataifa ya Ulaya ikiwa haijapata kushinda hata mechi moja katika fainali za mashindano makubwa. Mwalimu wake, Mjerumani Otto Rehhagel, aliwapima watu wake kwa mizani ya haki, akawafundisha lile walilokuwa na uwezo wa kulifanya vyema kuliko wengine. Wakaishinda Ufaransa, bingwa mtetezi, kwa bao 1 kwa 0, wakaishinda Jamhuri ya Cheki kwa hesabu hiyo hiyo, na tarehe 4 Julai, mjini Lisbon, kichwa cha Charisteas kutokana na kona kikawapa kombe mbele ya wenyeji wao. Walilaumiwa kuwa wameuharibu mchezo. Lakini kuwataka wacheze kama Brazil, bila ya kuwa na Zico wala Sócrates, ni kuwataka washindwe kwa ajili ya starehe ya wengine, na hakuna sheria ya dini wala ya mpira inayomlazimisha mtu dhulma hiyo juu ya nafsi yake.

Najua nitajibiwa kuwa kumbukumbu ya watu haidanganyi: Hungaria ya Puskás ilishindwa Bern mwaka 1954, Uholanzi ya Cruyff ilishindwa Munich mwaka 1974, na Brazil ya Sócrates ilishindwa Sarrià, na zote tatu zinapendwa leo kuliko wengi waliobeba kombe. Jambo hilo ni kweli, nami nazipenda. Lakini mapenzi ya watu si hujja ya kumnyima mlinzi haki yake. Jahazi linapoingia bandarini watu wa pwani hulisifu tanga, wala hapana amwulizaye fundi aliyetia kalafati. Na kumbe bila ya mkono wake tanga lile lingalikuwa chini ya bahari.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii: mwenye kushinda kwa hila ameshinda bure, na mwenye kucheza kwa madaha akaliacha lango lake wazi amejifunza nusu ya kazi yake, bali mwenye kulinda kwa ustadi na uadilifu, akashinda hata kwa bao moja la kona, hana deni la uzuri kwa mtu yeyote. Walimu wa mpira na wawafundishe vijana kulinda kwa bidii ile ile wanayowafundishia kufunga, wala wasimpeleke nyuma yule tu aliyeshindwa kucheza mbele. Na wewe mtazamaji, mpigie makofi beki aliyeunyang'anya mpira bila ya faulo kama umpigiavyo mfungaji, kwani amekufanyia kazi ya thamani ile ile.