Ufundi wa Kuijenga Nchi Isiyokuwepo

Katika riwaya ya H. Rider Haggard ya mwaka 1885, ambayo Frederick Johnson aliitoa kwa Kiswahili mwaka 1929 kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani, Waingereza watatu wanavuka jangwa na milima hadi kufika kwenye chumba kilichochongwa ndani ya mwamba. Humo wanakuta pembe za ndovu kwa mamia, masanduku ya sarafu za dhahabu, na makasha ya mawe yenye almasi. Kila kitu kimeshachimbwa, kimeshachambuliwa na kupangwa. Kilichobaki ni kujaza mifuko.

Msomaji wa Saza hawezi kuupita ukurasa huo kimyakimya. Saza ipo Wilaya ya Songwe, ndani ya ukanda wa dhahabu wa Lupa, ambako dhahabu iligunduliwa mwaka 1922. Mgodi wake wa zamani ulifanya kazi tangu mwishoni mwa miaka ya 1930 hadi 1956, na kuanzia mwaka 2012 mgodi wa New Luika umekuwa ukizalisha dhahabu jirani hapo. Aliyekulia upande huo anajua kuwa mali haikai kwenye sanduku ikimsubiri mgeni. Kuna duara la kuchimbwa, matimba ya kuzuia kifusi, viroba vya mawe vya kupandishwa juu, karasha la kusaga, maji, zebaki na moto, kisha marudio yanayouzwa ili mwingine aje ayachenjue tena. Haggard alikuwa fundi wa hatari: mlango wa jiwe unapomshukia mchawi Gagula, msomaji naye hushika pumzi. Lakini alipofika kwenye utajiri wenyewe, ambao ndio uliolipa kitabu jina, hakuwa na mengi ya kusema kuhusu kazi iliyouleta.

Ipo pia hadithi ya kupatwa kwa jua. Katika toleo la kwanza, Haggard aliwaokoa mashujaa wake kwa kulipatisha jua siku iliyo karibu mno na usiku wa mwezi mpevu. Haiwezekani. Jua hupatwa wakati mwezi haupo angani usiku, ule wakati wa kuandama. Wasomaji waliwavumilia wachawi, majangwa na wafalme wenye maelfu ya askari, ila hilo lilibaki doa, na katika matoleo ya baadaye akaligeuza likawa kupatwa kwa mwezi. Alifanya vema kurekebisha. Nchi ya kubuni inaweza kuwa na chochote mwandishi anachotaka, lakini kikishawekwa humo lazima kifuate kanuni, na kanuni ambayo mwandishi hakuitangaza kuwa imefutwa msomaji anaichukulia kuwa bado ipo. Huo ndio ufundi unaosifiwa hapa, na kwa Kiswahili haupatikani vizuri zaidi kuliko kwa mtu aliyekuwa karani wa serikali.

Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, karibu na Tanga, mwaka 1909. Aliingia idara ya forodha mwaka 1926, akahudumu katika ofisi mbalimbali za serikali ya kikoloni, na Kusadikika ilipotoka mwaka 1951 alikuwa bado mwajiriwa wa serikali hiyohiyo. Kitabu kinahusu nchi iliyo angani. Mtu anayekishika kwa mara ya kwanza hutarajia mabawa, majumba ya mawingu, labda ndege wanaosema. Shaaban anampeleka mahakamani.

Karama ameshtakiwa kwa kutaka kuanzisha mafunzo ya sheria. Waziri Majivuno anamshtaki mbele ya mfalme, na hukumu inayomngoja ni kifo. Anaomba nafasi ya kujitetea, na utetezi wake unachukua siku sita. Kila siku anasimulia habari za mjumbe mmoja ambaye Kusadikika ilimtuma nje kutafuta maarifa: mashariki, kaskazini, kusini, magharibi, mbinguni, na hatimaye duniani. Wote walirudi na mambo mema waliyoyaona kwa watu wengine. Wote walitupwa gerezani.

Tazama jinsi kazi ilivyofanywa. Mtu anashtakiwa kwa kufundisha sheria, katika nchi isiyokuwa na wanasheria, na njia pekee ya kuokoka ni kuwa mwanasheria mbele ya macho ya wote. Shtaka lenyewe linathibitishwa na utetezi, na utetezi ndio unaolishinda shtaka. Muundo huo umekazwa barabara. Nchi ikielea angani, msomaji haulizi inashikiliwa na nini, kwa sababu anauona utaratibu wake: nani anasema kwanza, nani anajibu, mfalme anasikiliza kwa muda gani. Mtu aliyekaa miaka mingi katika ofisi za serikali alijua kwamba dola huonekana waziwazi zaidi katika utaratibu wake kuliko katika majumba yake. Na kwa kuwa nchi ilikuwa angani, aliweza kuandika kuhusu watawala wasiotaka raia wajue sheria, na kitabu kikachapishwa wakati Tanganyika ikitawaliwa na Waingereza.

Haina maana kwamba kitabu hakina udhaifu. Safari za wajumbe zinafanana mno. Kufikia ya tatu msomaji ameshajua mjumbe atapokewaje huko aendako na atafanyiwa nini akirudi. Majina nayo yanatoa siri mapema: Majivuno hawezi kuwa mnyenyekevu, Karama hawezi kuwa mwizi. Vijana wanaokisoma leo hulalamikia hilo, na wana haki.

Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka mmoja baadaye, ni kitabu bora zaidi kwa ufundi wa kusimulia, ingawa sifa zake huwa ndogo kuliko za Kusadikika. Mwanzo wake ni jambo la kodi. Mfalme Rai wa Ughaibuni anamtuma Ikibali kwenda Janibu, kwa liwali Adili, kufuatilia kodi. Akiwa mgeni wa nyumba, usiku anamwona mwenyeji wake, mtu mwema ajabu, akiwachapa mijeledi manyani wawili, kisha akiwalisha na kuwabembeleza huku akilia. Ndipo habari yote inapofunguka: manyani hao ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, waliogeuzwa kwa adhabu ya jini Huria kwa uovu waliomtendea.

Mizizi ya kisa hiki ni Alfu Lela u Lela, habari za Abdullah bin Fadil wa Basra. Katika kisa cha kale ndugu wale waligeuzwa mbwa. Shaaban akawafanya manyani. Ni badiliko dogo, na ni la fundi mkubwa. Mbwa akichapwa, msomaji anahuzunika. Nyani ana mikono. Anaweza kuinua kiganja kukinga uso, anaweza kuushika mkono wa anayempiga. Uso wake uko karibu sana na uso wa ndugu. Adhabu ileile, kwa kubadili mnyama tu, imekuwa ngumu zaidi kuitazama, na wema wa Adili umekuwa mzigo mzito zaidi. Hapa hakuna hata haja ya mwandishi kutueleza tuhisi nini. Kwa bahati mbaya wakati mwingine anatueleza hata hivyo.

Tabia hiyo ya kueleza ndiyo inayokipunguzia nguvu kitabu chake cha maisha ya kweli, Wasifu wa Siti binti Saad. Ni kitabu cha thamani kubwa. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, karibu mwaka 1880, katika familia ya watu maskini wenye asili ya utumwa, akafinyanga vyungu na kuvipeleka mjini kuviuza, akaishia kuwa sauti ya kwanza kubwa ya taarab ya Kiswahili. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri. Alifariki mwaka 1950. Mwandishi wa riwaya asingethubutu kubuni mwendo huo, angeambiwa amezidisha. Na pale ambapo Shaaban anaacha mambo yenyewe yaende, vyungu, njia ya mjini, wanamuziki waliomfunza, kurasa zinapumua. Kisha huja fungu la mawaidha kuhusu subira au husuda, na Siti mwenyewe hutoweka kwa kitambo. Ajabu ni kwamba mtu huyohuyo aliweza kuyaamini manyani yake kuliko alivyomwamini mwanamke aliyeishi kweli.

Kama kuna kitabu cha kweli kinachompa msomaji wa kusini-magharibi mwa Tanzania kile anachokitafuta katika hadithi za ajabu, ni Safari za Wasuaheli, kilichokusanywa na Carl Velten na kuchapishwa Göttingen mwaka 1901. Ndani yake Selim bin Abakari, mtu wa Ngazija, ana simulizi mbili. Ya kwanza ni safari ya Nyasa, katika msafara wa Hermann von Wissmann uliopeleka meli ya Wajerumani ziwani humo mwanzoni mwa miaka ya 1890, ikisafirishwa vipande vipande kwa njia ya mito Zambezi na Shire. Ya pili ni ya mwaka 1896, kutoka Berlin hadi Petersburg, Moscow, mto Volga, na mbele kabisa hadi Siberia na milima ya Altai.

Meli iliyobebwa mabegani mwa watu, na Mswahili wa mwisho wa karne ya 19 katika baridi ya Siberia: angeamua kupiga chuku, nani angembishia? Selim hapigi chuku. Anaandika kama mtu anayetoa taarifa kwa watu wa kwao: watu wale wanakula nini, wanavaa nini, wanasafiri kwa kitu gani, wanaswali au hawaswali. Ajabu inatokana na uzito wa mambo hayo madogo yakifuatana. Haggard angejifunza kitu hapo, maana Selim haachi kamwe kusema kazi ilifanywaje na nani aliifanya. Inasikitisha kwamba simulizi hizi zinajulikana zaidi na wataalamu wa vyuo vikuu kuliko wanafunzi wa sekondari za Tunduma na Mkwajuni, ilhali Kiswahili chake, ukishazoea maneno machache ya zamani, kinasomeka bila shida.

Kuna upande mwingine wa ufundi huu, na haki inadai usemwe. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo, Ukerewe, aliyefariki Januari 2020, alianza kwa riwaya zenye uhalisia mkavu kama Rosa Mistika ya mwaka 1971. Kisha akatoa Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, vitabu vyembamba ambamo kanuni zote zilizotajwa hapo juu zimevunjwa kwa makusudi. Msafiri anafika katika mji mtupu. Wanafalsafa waliokufa zamani wako humo. Kuna paa anayeonekana na kupotea. Msomaji aliyezoea kuuliza njia inaelekea wapi hapewi jibu.

Wengi hukiweka chini Nagona wakiwa hawajafika katikati. Lakini sentensi zake ni fupi, safi, na kila kitu anachokitaja, mti, kiti, mzee, sauti, unakiona vilivyo. Kilichoondolewa ni kamba inayoviunganisha tu. Mtu asiyejua kujenga nchi yenye utaratibu asingeweza kuibomoa namna ile. Mzingile kina simulizi iliyonyooka kidogo zaidi, na kwa sababu hiyo kinafaa kutangulia.

Basi anayeuliza aanze wapi, aanze na Adili na Nduguze, akisome jioni moja, kisha Kusadikika. Baada ya hapo amtafute Selim popote atakapompata, hata kwa nakala ya kurudufu. Mashimo ya Mfalme Sulemani asome akitaka mbio na hatari, huku akikumbuka kwamba kilitungwa na mtu aliyewaona watu wa nchi hizi kutoka juu ya farasi. Nagona kisubiri mpaka mvua za masika, muda wa kukisoma mara mbili utakapopatikana, maana mara ya kwanza haitoshi.