Besi Ni ya Nani?

Nairobi ni mji unaopenda besi na usiowajua wapiga besi. Tunaacha matatu mbili zipite tukingoja ile yenye spika za kutikisa viti. Sina Makosa ya Les Wanyika ikiwekwa kwenye harusi, hata shangazi aliyelalamika magoti siku nzima anasimama. Maneno tunayajua yote. Lakini uliza meza nzima nani alipiga ile besi, uone watu wakikodolea sahani zao macho. Ni Tom Malanga. Mwaka wa 1978 yeye na wenzake walitoka Simba Wanyika wakaunda Les Wanyika, na tangu hapo amecheza na viuno vya vizazi vitatu ambavyo havimjui.

Naanza na jina lake kwa sababu naona ndiko jibu la swali langu liliko. Ukikaa na wanamuziki hukosi kukutana na huyu msee: ana besi moja, imechubuka, kitufe kimoja kilishang'oka, na haiuzi hata umwahidi mbili mpya. Kwa nini? Majibu ya kawaida ni matatu. Ati ni sauti, ati ni bahati, ati ni thamani. Yote matatu yana ukweli kidogo, na yote matatu yanaliruka jambo lenyewe.

Tuanze na thamani. Mwaka wa 1961, akiwa kijana anayepiga muziki kwenye vilabu vya Hamburg, Paul McCartney alinunua besi ya Höfner kwa takriban pauni 30. Hakuinunua kwa sababu ilikuwa bora kuliko zote. Ilikuwa bei anayoiweza, na umbo lake kama la fidla lilikuwa sawa pande zote mbili, kwa hivyo mtu wa mkono wa kushoto hakuonekana kituko akiigeuza. Mwaka wa 1972 ikaibwa kutoka kwenye gari huko Notting Hill, London. Ilirudi mikononi mwake baada ya zaidi ya miaka 50, na habari zikatangazwa Februari 2024. Sasa fikiria: muda huo wote McCartney alikuwa na Höfner nyingine ya aina ile ile, aliyoipata 1963. Pesa za kununua kiwanda kizima alikuwa nazo. Kama ingekuwa suala la bei au modeli, nani angehangaika kutafuta kuukuu ya pauni 30? Alichokosa hakikuwa dukani.

Kwa suala la sauti, mwalimu wangu ni James Jamerson wa Detroit, mtu aliyepiga besi kwenye sehemu kubwa ya nyimbo za Motown za miaka ya 60. Besi yake kuu ilikuwa Fender Precision ya 1962, iliyopewa jina la Funk Machine. Ukimpelekea fundi wa leo gitaa kama lile, atakuuliza nani alikuharibia. Nyuzi zilikuwa nene kupindukia, zimeinuka mbali na ubao hivi kwamba mtu mwingine akilishika vidole vinamlilia. Na nyuzi zenyewe hakuzibadilisha, labda moja ikatike. Aliamini uchafu uliojikusanya humo ndio unaoshika utamu. Mkono wa kulia alitumia kidole kimoja tu, kile cha shahada.

Haya yote yana maelezo. Jamerson alijifunzia kwenye ile besi kubwa ya mbao ambayo mtu huipiga akiwa amesimama nayo wima, yenye nyuzi nzito zinazodai nguvu. Alipohamia besi ya umeme, mkono wake haukukubali kuhama wote. Akalifanya gitaa jipya liwe gumu kama lile la zamani. Sikiliza What's Going On ya Marvin Gaye, halafu sahau sauti ya Gaye kwa dakika moja. Besi inatembea kama mtu anayeongea na jirani njiani: anasimama, anaongeza neno, anakimbia kidogo, anarudi kwenye mada. Ule uzito wa kila noti, na jinsi inavyokufa haraka bila kuvuma, ni zao la nyuzi nzee na kidole kimoja chenye nguvu. Kile ambacho fundi angekiita kasoro ndicho tunachokiita mtindo.

Hapa najua kuna mtu atanikatiza: lakini si sauti iko kwenye vidole? Mpe fundi stadi gitaa lolote na bado utamtambua. Ni kweli. Lakini nauliza, hivyo vidole vilifunzwa na nani? Mkono hauzaliwi ukijua. Kwa miaka mingi ubao unausahihisha mkono, na mkono unaukwaruza ubao. Baadaye mpigaji anajua bila kuangalia kwamba uzi wa tatu ni mvivu kidogo mahali fulani, na tayari amekwisha kuuharakisha kabla mimi na wewe hatujasikia lolote. Mpe besi mpya, iliyo kamili, na bado ataharakisha mahali ambapo hapana uvivu. Ndiyo maana hata wale wanaosema sauti ni vidole hulia wakiibiwa gitaa. Wameibiwa nusu ya maarifa yao, ile nusu iliyokuwa nje ya mwili.

Mfano unaoonyesha hili waziwazi ni Jaco Pastorius wa Florida. Fender waliipa besi yao ya 1951 jina la Precision kwa sababu ilikuwa na freti, vile vipande vyembamba vya chuma vilivyolazwa kwenye shingo ya gitaa kuhakikisha noti inatoka sahihi. Jaco alikuwa na Fender Jazz ya 1962 isiyo na freti hata moja. Mianya yake ilikuwa imezibwa, na juu yake akapaka gundi ngumu ya mashua ili nyuzi zilizosokotwa zisiutafune ubao. Bila freti, noti haina tena uzio. Kidole kikiteleza upana wa punje ya mchele tu, umeharibu. Lakini kikikaa sawa, noti inafunguka kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kuimba. Isikilize Continuum, kwenye albamu yake ya 1976. Gitaa kama hilo hulishiki tu na kulipiga. Unajenga ramani kichwani, na ramani hiyo ni ya ubao mmoja.

Hapo ndipo nakosana na jinsi hadithi hizi zinavyosimuliwa. Besi ya Jaco, ile iliyoitwa Bass of Doom, iliibwa New York mwaka wa 1986. Mwaka uliofuata Jaco akafa, akiwa na umri wa miaka 35. Funk Machine ya Jamerson nayo iliibwa siku chache kabla hajafa, Agosti 1983. Wasimuliaji wanapenda sana kuyaweka haya bega kwa bega: besi ikaondoka, roho ikafuata. Inasikika vizuri. Sisi hasa, tuliolelewa na hadithi za majini, tunaimeza bila maji.

Lakini ukiisimulia hivyo unaficha mengi. Jaco alikuwa na ugonjwa wa akili ambao ulikuwa umejulikana, alikuwa amelala nje kwa muda mrefu, na alikufa kutokana na kipigo alichokipata mlangoni mwa klabu. Jamerson alikuwa ameumizwa na pombe kwa miaka. Hao hawakuuawa na ukosefu wa gitaa. Kulifanya gitaa liwe jini ni njia rahisi ya kutouliza watu walikuwa wapi: rafiki, kampuni ya rekodi, hospitali, sisi mashabiki. Tunaomboleza mbao kwa sababu mbao hazituulizi chochote.

Sasa turudi kwenye majina. Kwa miaka mingi Motown haikuandika majina ya wapigaji wake kwenye majalada. Nyimbo zilishika namba moja dunia nzima na besi yake ikiwa ndani, na aliyenunua sahani hakuwa na njia ya kumjua. Jina la Jamerson liliandikwa kwenye jalada la What's Going On mwaka wa 1971, baada ya zaidi ya miaka kumi ya kazi. Motown iliposherehekea miaka 25 mwaka wa 1983, usiku ule Michael Jackson aliposhangaza ulimwengu kwa kuteleza kinyumenyume, Jamerson alikuwa ukumbini kwa tiketi ya kujinunulia, amekaa juu kabisa na watazamaji. Miezi michache baadaye alikuwa kaburini.

Nikiyaweka pamoja haya, mapenzi ya besi yanaacha kuwa kichekesho cha wanamuziki. Muimbaji ana jina kwenye bango. Mpiga solo ana dakika yake ya kusogea mbele akakunja uso. Mpiga besi kazi yake ni kufanya wengine wasikike vizuri, na akiifanya sawasawa hakuna anayegeuka kumwangalia. Anachobaki nacho kama ushahidi kwamba alikuwepo ni ile sehemu ya rangi iliyolika pale mkono wake ulipokuwa ukilala kila usiku. Gitaa ndilo linalojua idadi ya saa. Ndilo jalada lake.

Lakini ngoja, kuna swali la kwetu ambalo hadithi za Detroit na London haziligusi. Ili ukatae kuiuza besi yako, lazima kwanza iwe yako. Afrika Mashariki tuna neno linalobeba historia nzima ya muziki wa dansi: vyombo. Mwenye vyombo ndiye mwenye bendi. NUTA Jazz ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka wa 1964, ilikuwa chini ya chama cha wafanyakazi. Wanamuziki walikuwa waajiriwa, na vyombo vilikuwa vya chama. Kwingine mwenye vyombo alikuwa mfanyabiashara au mwenye baa. Mkigombana naye, mlitoka na sauti zenu na nyimbo zenu kichwani, magitaa yakabaki ukutani. Ndiyo maana kwenye historia ya bendi zetu, kutafuta vyombo ni kazi nzito kuliko kutafuta waimbaji.

Na hali haijabadilika sana. Wapiga besi wetu wengi wachanga wamefunzwa kanisani, na besi waliyoipiga tangu darasa la saba ni ya kanisa. Jumapili jioni inafungiwa kabatini, na ufunguo ni wa mzee wa kamati. Kijana anajua kila upele wa shingo ile. Mkono wake umelelewa nayo. Halafu anapata kazi Mombasa, au kanisa linanunua mpya, na siku moja anaikuta imeuzwa. Huyo hana wa kumpa pole, maana kwa sheria hakupoteza kitu. Mapenzi yake ni yale yale ya McCartney. Kilichopungua ni risiti.

Kwa hivyo ninapowasikia wakosoaji wakiongea juu ya "roho" ya gitaa fulani maarufu, natamani waongeze maswali mawili ya kawaida kabisa. Mpigaji alitajwa wapi? Na hicho chombo kilikuwa cha nani? Besi ya Jaco iliibuka tena karne hii jijini New York, ukazuka mzozo wa umiliki, na mwishowe Robert Trujillo wa Metallica akatoa pesa zilizoumaliza, kwa makubaliano na familia ya Jaco. Naipenda sehemu hiyo kuliko hadithi yote ya laana, kwa sababu ndani yake mtu aliona deni akalilipa.

Sisi wengine hatuna pesa za Metallica. Lakini bendi ikishuka jukwaani wikendi hii, mpiga besi atakuwa pale kando anakunja waya wake mwenyewe. Muulize jina. Halafu muulize kama hiyo besi ni yake.