Maji, Muda na Tope: Namna Uvungu wa Gari Unavyosafishwa Baada ya Mbuga

Usafishaji wa uvungu wa gari lililotoka kwenye tope huchukuliwa na wengi kuwa kazi ya nguvu, yaani kazi ya kutafuta mashine yenye presha kubwa na kuielekeza popote palipo na uchafu, ilhali tabia ya udongo wenyewe inaonyesha kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na maji yaliyopewa muda wa kupenya. Jambo hili hudhihirika vizuri katika magari ya safari, hasa Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 70, yanayorudi Arusha wakati wa masika kutoka Serengeti na Ndutu, kwa kuwa gari la namna hiyo huwa limekusanya tope la aina mbili zisizofanana, na kila moja hudhuru chuma kwa njia yake.

Aina ya kwanza ni mfinyanzi mweusi wa mabondeni na wa upande wa magharibi kuelekea Mto Grumeti, udongo ambao huvimba unapolowa na kupasuka nyufa pana unapokauka. Chanzo cha tabia hiyo ni madini ya smektaiti, ambayo yameumbwa kwa matabaka membamba mno yanayoruhusu maji kuingia katikati yake na kuyatanua. Aina ya pili ni udongo wa majivu ya volkano uliofunika nyanda za nyasi fupi, uliotokana na milima kama Kerimasi na Ol Doinyo Lengai, huu wa mwisho ukiwa na lava yenye kiasi kikubwa cha kaboneti ya sodiamu, yaani magadi. Udongo huu haushiki kama mfinyanzi, lakini hubeba chumvi, na kandokando ya maziwa ya magadi chumvi hiyo huwa nyingi zaidi.

Mfinyanzi ndio unaowashinda waoshaji wengi, na sababu yake ni kwamba hupita katika hali tatu ambazo kila moja hutaka kushughulikiwa kivyake. Ukiwa bado ni uji, huondoka kwa mpira wa maji wa kawaida. Ukikauka kabisa, huwa mgumu kama tofali, lakini ugumu huo unadanganya, kwa sababu bonge kavu lililoloweshwa hunyonya maji kwa kasi, hewa iliyonaswa ndani yake hubanwa na kulipasua, nalo humeguka lenyewe bila kuguswa. Hali iliyo mbaya ni ile ya katikati, pale tope linapokuwa na unyevu wa kutosha kunata lakini lisiwe na hewa ya kulipasua, kwani presha kubwa ikielekezwa hapo hukata mfereji mwembamba katika bonge na kusukuma sehemu iliyobaki ndani zaidi ya pembe za chasisi. Gari linalofikishwa kwa mwoshaji asubuhi ya siku ya pili mara nyingi huwa katika hali hiyohiyo, na ndiyo maana hutumia maji mengi na bado hurudi barabarani likiwa na tope mahali pasipoonekana.

Mahali pasipoonekana ndipo penye hasara. Chasisi ya gari hili ni ngazi ya mihimili miwili mirefu iliyounganishwa kwa mihimili ya kukingama, na ndani ya mihimili hiyo mna uwazi wenye matundu ya kutolea maji, ambayo bonge dogo tu la mfinyanzi hutosha kuyaziba. Tope hukaa pia juu ya tangi la mafuta, kati ya majani ya springi za nyuma, nyuma ya madigadi, juu ya bamba linalokinga injini, na ndani ya rimu, ambako uzito wake usiolingana hulifanya gari litikisike kwa mwendo wa kasi hata dereva akadhani usukani umeharibika. Kutu huhitaji chuma, maji na oksijeni, lakini tope halihitaji kukilowesha chuma chote ili kukidhuru. Sehemu iliyofunikwa hupata oksijeni kidogo kuliko ile iliyo wazi kando yake, tofauti hiyo huzalisha mkondo mdogo wa umeme, na chuma kilichofunikwa ndicho kinacholiwa. Chumvi ya nyandani huongeza kasi ya mkondo huo na kuvuta unyevu wa hewa usiku, huku magadi yenyewe, kwa ukali wake wa alkali, yakishambulia alumini na zinki.

Kwa hiyo usafishaji unaofaa huanza kwa kungoja. Gari huachwa lipoe, kwa maana difu iliyo moto ikimwagiwa maji baridi hewa iliyomo husinyaa na kuvuta maji kupitia sili au bomba la kupumulia, na diski za breki zenye moto mkali huweza kupinda. Baada ya hapo uvungu huloweshwa kwa maji ya presha ndogo, na njia rahisi kuliko zote ni kuingiza chini ya gari kirushio cha maji cha bustani, kikafanya kazi taratibu huku kikihamishwa kutoka mbele kwenda nyuma, hadi mabonge yaanze kuanguka kwa uzito wake. Mtu mwenye haraka huona hatua hii kuwa kupoteza wakati, lakini ndiyo inayoamua matokeo ya hatua zote zinazofuata.

Mashine ya presha huja baadaye, na kazi yake ni kumalizia. Mashine ndogo hutoa kati ya bari 100 na 150, bari moja ikikaribia kanieneo ya hewa iliyo usawa wa bahari, na nguvu hiyo ikisogezwa karibu mno huweza kupitisha mchanga kwenye sili. Ncha ya kutawanya maji hushikwa umbali wa sentimita 30 hivi na kuinamishwa, si kuelekezwa moja kwa moja. Maungio ya propela, sili za habu, soketi za nyaya na altaneta hukwepwa, na uangalifu mkubwa zaidi hutolewa kwa mipira ya chuma iliyo kwenye ncha za ekseli ya mbele, ambayo hufutwa na pete za felti na mpira kila usukani unapogeuzwa. Mchanga ukinasa hapo huchora chuma, na grisi huanza kuvuja. Rejeta huoshwa kutoka upande wa injini kwenda nje, kwa maji yasiyo na presha, ili mapezi yake yasilale. Ndani ya mihimili ya chasisi huingizwa mpira mwembamba, na maji huachwa yatiririke mpaka yanayotoka kwenye matundu yawe meupe.

Desturi ya kupuliza oili chafu au dizeli chini ya gari baada ya kuosha haina budi kukataliwa. Mafuta hayo hufunika tope lililobaki pamoja na unyevu wake, huvimbisha bushi za mpira, na huishia kwenye mtaro.

Suala la mahali pa kuoshea lina uzito kuliko linavyopewa. Kuingiza gari mtoni ni kuosha kwa hasara ya wengine, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 huzuia shughuli zenye madhara ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za mito na maziwa. Zaidi ya hayo, tope hubeba mbegu. Gugu karoti, mmea vamizi ambao mche wake mmoja huzaa maelfu ya mbegu na ambao mifugo haiufaidi, husafiri kwa urahisi chini ya magari, hivyo gari linalotoka Arusha kwenda hifadhini linastahili kuoshwa kabla ya safari kwa uangalifu uleule linaooshwa nao baada yake, na tope lake kukusanywa shimoni lisisombwe na mvua.

Gari likiisha kuoshwa huendeshwa mwendo mfupi, breki zikikanyagwa mara kadhaa ili zikauke, kisha niple zote za propela hupigwa grisi mpya hadi ile ya zamani itoke pamoja na maji yaliyojipenyeza. Mwisho hufunguliwa nati ya kujazia oili ya difu, na oili ikionekana na weupe wa maziwa, humwagwa yote siku hiyohiyo.