Sitara ya Wengi

Sanduku lenyewe ni la akriliki nene, angavu kiasi kwamba mtu huona upande wa pili bila taabu. Ndani yake mabamba ya kompyuta yamesimama wazi pamoja na nyaya zake. Trevor Paglen na Jacob Appelbaum walilitengeneza mwaka 2014, wakaliita Autonomy Cube, na limewahi kuwekwa katika majumba ya sanaa, likiwemo la Edith-Russ-Haus mjini Oldenburg, Ujerumani. Anayelitazama kwa macho tu atalichukulia kuwa sanamu ya siku hizi. Akitoa simu yake ataona kwamba sanduku linagawa Wi-Fi ya bure kwa yeyote aliyemo ukumbini, na kila anachokisoma au kukituma kupitia Wi-Fi hiyo hupitishwa katika mtandao wa Tor, ambamo ni vigumu sana kujua nani anazungumza na nani.

Umbo hilo lina nasaba. Kati ya mwaka 1963 na 1965, Hans Haacke alitengeneza mchemraba angavu wenye maji kidogo ndani. Maji yaligeuka mvuke, mvuke ukawa matone kwenye kuta, kwa kadiri ya joto la ukumbi na la miili ya watazamaji, hata ukumbi na watu wake wakawa sehemu ya kazi. Paglen na mwenzake wamelisogeza mbele wazo hilo. Sanduku lao ni kituo cha Tor pia, kinachopitisha mawasiliano ya watu walio mbali kabisa na ukumbi, kwa hiyo jumba linalolipokea lazima liridhie kuwabebea watu lisiowajua mizigo lisiyoweza kuifungua. Kwangu mimi, ridhaa hiyo ndiyo kazi ya sanaa yenyewe.

Tor hufanya kazi hivi. Programu iliyo kwenye kompyuta ya mtumiaji huchagua vituo vitatu kati ya maelfu, vingi vikiendeshwa na watu wa kujitolea. Huufunga ujumbe kwa matabaka matatu ya usimbaji, kila tabaka na ufunguo wa kituo chake, ndiyo maana mfumo ukaitwa kitunguu. Kituo cha kwanza hubambua tabaka lake: kinajua ujumbe umetoka wapi, hakijui unakoishia. Cha kati kinawajua jirani zake wawili tu. Cha tatu hubambua tabaka la mwisho na kuufikisha kwenye tovuti, lakini hakimjui aliyeutuma. Hapo ndipo Tor inapoachana na VPN ambazo wengi wetu tunazo kwenye simu, kwa sababu mwenye VPN anaweza kumjua mteja wake na kujua anakokwenda, na mteja hana budi kumwamini. Nauona ustadi mkubwa katika mpangilio huu. Kila kituo kimenyimwa kwa makusudi sehemu ya habari, na kule kunyimwa ndiko kunakomlinda mtu.

Walioubuni mfumo huu katikati ya miaka ya 1990, Paul Syverson, Michael Reed na David Goldschlag, walikuwa watafiti katika maabara ya Jeshi la Wanamaji la Marekani. Shida waliyokabiliana nayo inanivutia kuliko hesabu zao zote. Mtandao wa siri unaotumiwa na wanamaji peke yao haufichi kitu, kwani anayechungulia akiona tu mtu ameingia humo, amekwisha jua kuwa ni mwanamaji. Ili afisa asitambulike, sharti humo awepo pia mwanafunzi, mwandishi wa habari, mgonjwa anayeuliza habari za ugonjwa wake, mke anayetafuta wakili kabla mumewe hajajua. Basi mlango ukafunguliwa. Mwaka 2002 Roger Dingledine na Nick Mathewson, pamoja na Syverson, waliianzisha Tor, na msimbo wake ukawekwa hadharani ili yeyote aukague. Waovu nao waliingia. Soko la Silk Road liliuzia humo dawa za kulevya hadi FBI ilipolifunga mwaka 2013. Siwatetei hao, wala sidai kwamba ufundi huu unaweza kila kitu. Mtandao ulipozimwa wote nchini Uganda, usiku wa kuamkia uchaguzi wa Januari 2021, hata Tor haikuwa na njia ya kupitisha chochote.

Zamani kabla ya kompyuta, wajenzi wa pwani yetu waliishughulikia sitara kwa mawe na chokaa. Nyumba ya kale ya Lamu ina kuta nene za matumbawe, na upande wa barabarani karibu haina madirisha. Mgeni huishia dakani, kwenye kibaraza cha mlangoni. Akikaribishwa, hupita tekani, ukumbi mdogo wa ndani ya mlango, na kupinda kabla ya kufika kiwandani, yaani uani, hivyo jicho la mpita njia haliwezi kunyooka hadi ndani. Hayo husifiwa sana, na yanastahili. Mimi hulistaajabia zaidi wikio, lile daraja lililopita juu ya kichochoro na kuunganisha nyumba mbili ghorofani, ili wanawake watembeleane bila kushuka barabarani. Hilo mtu mmoja halijengi. Jamaa wa ng'ambo lazima akubali ukuta wake utobolewe, na akishakubali, nyumba yake imekuwa njia ya mwenzake.

Mwaka 2015 ridhaa ya namna hiyo iliombwa katika maktaba ya Kilton, mjini Lebanon, jimbo la New Hampshire. Alison Macrina wa Library Freedom Project aliwashawishi wakutubi waendeshe kituo cha Tor, nao wakakiwasha. Ofisa wa Usalama wa Ndani wa Marekani akawatonya polisi, polisi wakakutana na viongozi wa mji na wa maktaba, na kituo kikazimwa. Tarehe 15 Septemba bodi ya maktaba iliketi mbele ya wananchi waliofurika. Walisimama watu wa kawaida, wakaeleza kwa nini mtu wasiyemjua anastahili kusoma bila kufuatwa, na kwa nini maktaba yao ndiyo imsaidie. Bodi ikakubali, kituo kikawashwa tena.